Kodi ya miezi sita, bumu la miezi miwili: kupata chumba cha mwanafunzi Dar es Salaam

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowakwamisha wengi. Tuseme umepata chumba kimoja Msewe, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, choo cha kushirikiana, kodi shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 480,000. Dalali aliyekupeleka anataka mwezi wake mmoja: 80,000. Hujanunua godoro, ndoo, kufuli wala jiko, na umeshatoa 560,000. Mwanafunzi aliyepewa fedha ya chakula na malazi kwa kiwango kamili na Bodi ya Mikopo anapata 10,000 kwa siku, kiwango kilichopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Fedha hiyo, ambayo wanachuo wote wanaiita bumu, inatoka kwa awamu. Bumu la siku 60 ni 600,000. Ukilipia chumba hicho kwa bumu la kwanza, unabaki na 40,000 ya kula miezi miwili.

Mzazi aliyeko Songea au Kigoma akisikia "elfu themanini kwa mwezi" anaona mbona si mbaya, na yuko sahihi. Ukigawa kwa siku haifiki hata 2,700, karibu robo ya fedha ya siku. Chumba kinalipika. Kinachoshindikana ni kwamba hela ya mwanafunzi inakuja vipande vipande, na mwenye nyumba anaitaka kwa mkupuo. Nimesaidia wadogo zangu na watoto wa majirani kutafuta vyumba jijini hapa kwa miaka kadhaa sasa, baada ya kuhangaika mwenyewe nilipokuwa chuo, na karibu kila balaa nililoliona limetokea kwenye mwanya huo wa kati ya mkupuo na vipande.

Kwa nini miezi sita, na wengine mwaka mzima? Nyumba nyingi za kupanga Dar hazikujengwa kwa mkopo wa benki wenye marejesho ya kila mwezi. Zimejengwa kwa mfuko wa mtu, leo tofali mia, mwakani bati, na kodi ya mkupuo ndiyo inayonunua bati hizo au kulipa ada za watoto Januari. Elfu themanini ikija kila mwezi inaliwa na kuisha, lakini laki tano ikija kwa pamoja inafanya kitu. Kuna pia hofu ya mpangaji atakayekaa miezi miwili bila kulipa halafu ahame usiku. Na hakuna sheria inayowapangia idadi ya miezi: ile ya kudhibiti pango, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo muda wa kulipa ni makubaliano ya watu wawili. Neno hilo, makubaliano, tulishike, tutalirudia.

Jibu la kwanza la kila mzazi ni hosteli ya chuo, na ni jibu zuri likipatikana. Tatizo ni idadi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Mabweni yake ya mwanzo yalijengwa kwa idadi ya zama hizo. Baadaye ikaja hosteli ya Mabibo, na Aprili 2017 zikazinduliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi 3,840. Ni nafasi nyingi, lakini wanafunzi wa chuo hicho ni makumi ya maelfu. Na hapo hujagusa Muhimbili kule Upanga, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) mjini kati, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu (DUCE) Chang'ombe, Chuo cha Usafirishaji Mabibo, Ustawi wa Jamii Kijitonyama, Chuo Kikuu Ardhi, wala Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere Kigamboni. Wote hao wanatafuta vyumba katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wakigombania vyumba vilevile na dereva wa bodaboda, mhudumu wa hoteli na kijana aliyeoa juzi.

Anayekosa nafasi mara nyingi huanza kwa kubebwa. Mwenye kitanda bwenini "anambeba" mwenzake: wanalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Chumba cha wanne kinageuka cha saba. Nimebebwa muhula mzima, na sitamlaumu mtu yeyote aliyeokolewa na rafiki kwa namna hiyo. Ila vyoo havikuongezeka kwa sababu yenu, na anayebebwa anakuwa wa mwisho kuoga, wa mwisho kuchaji simu, wa kwanza kutoka ukaguzi ukija. Kubebwa kwa wiki tatu ili usubiri bumu na utafute chumba kwa utulivu ni mkakati wa busara. Kubebwa mwaka mzima kunakula masomo.

Ukishaamua kupanga mtaani, usichague eneo kwa kuangalia ramani. Dar haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa magari unayobadilisha. Kwa mwanafunzi wa Mlimani, Msewe na Changanyikeni ni mwendo wa miguu au bodaboda fupi, na ndiyo maana vyumba vyake huisha mapema. Makongo na Survey vinamfaa wa Ardhi. Sinza na Mwenge kodi iko juu, lakini usafiri upo hadi usiku na taa zipo barabarani. Kimara ni mbali kwa macho, ila tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, mtu wa Kimara anayesoma mjini kati anapanda gari moja hadi Kivukoni. Ajue tu kwamba mvua kubwa ikinyesha na Mto Msimbazi ukajaa, barabara ya Jangwani hufungwa, na siku ya mtihani haitangazwi kwa kufuata hali ya mto.

Halafu kuna Kigamboni, ambayo wageni wengi wanaiogopa kwa sababu ya bahari iliyo katikati. Kwa mwanafunzi wa IFM hii ni fursa inayopitwa: unavuka na pantoni, unashuka Magogoni, unatembea kidogo uko darasani. Nimeona vijana wakipanga Mbagala kwa kodi ileile, wanaamka saa kumi alfajiri, ilhali wenzao wa ng'ambo wanaamka saa kumi na mbili.

Chukua nauli ya siku, kwenda na kurudi, zidisha kwa siku 22 za masomo, ujumlishe kwenye kodi. Chumba cha 50,000 kinachokudai magari mawili kwenda na mawili kurudi mara nyingi kinakaribia gharama ya kile cha 80,000 unachokifikia kwa miguu, na hapo sijahesabu usingizi.

Sasa dalali. Watu wanapenda kumtukana, lakini jiji hili halina daftari la vyumba vitupu. Daftari ni kichwa cha dalali. Anajua nani anahama Ijumaa. Malipo yake ya kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, yanayotolewa siku unapochukua chumba, na wengi wanadai pia hela ndogo ya kukutembeza, upate usipate. Hiyo ya kutembezwa mkubaliane mapema na iwe moja kwa siku nzima, isiwe kwa kila mlango. La hatari ni dalali anayetaka kodi yenyewe ipitie mkononi mwake. Kodi anapewa mwenye nyumba au mtu aliyemtaja kwa mdomo wake mwenyewe ukiwa umesimama naye. Ukilipa kwa simu, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Kama mkataba una jina la mama mmoja na simu inaonyesha jina la kijana usiyemfahamu, rudisha simu mfukoni. Na tangazo la mtandaoni linalosema "tuma ya kufunga chumba, wapo watatu wanakitaka", usilitumie hata shilingi mia. Chumba kinafungwa kwa ufunguo, nao unaukabidhiwa ukiwa hapohapo.

Kwa dada zetu naongeza hili, nalo nalisema kwa uzito wote. Usiende kuoneshwa chumba peke yako, hasa jioni. Kuna madalali na wenye nyumba wanaopunguza kodi kwa masharti ambayo hawayasemi mbele ya watu. Ukisikia sauti ya namna hiyo, chumba hicho si chako hata kama ni bure. Ondoka, mwambie mwenzako, na ikizidi kuwa usumbufu, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto linalopokea malalamiko hayo. Ukikipenda chumba, kirudie saa tatu usiku na rafiki, mtembee njia yote kutoka barabarani. Njia iliyojaa wauza chipsi mchana inaweza kuwa giza tupu usiku, na wewe ndiye utakayetoka maktaba saa hiyo.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa nyumba moja ya bondeni, upande wa Mabibo. Nilikiona Septemba, jua kali, ardhi kavu. Kuta zilipakwa rangi mpya ya krimu, na harufu yake ilinifurahisha, niliona nimeheshimiwa. Sikujiuliza kwa nini rangi mpya iliishia usawa wa kiuno na juu yake ikaendelea ile ya zamani. Mvua za vuli ziliponyesha Novemba nikaelewa. Maji yaliingia kupitia chini ya mlango usiku, ya kahawia, yakiwa na mifuko ya nailoni na majani, yakapanda hadi kwenye godoro. Asubuhi yalipopungua yaliacha mstari ukutani, umenyooka kama umepigwa rula, palepale rangi mpya ilipoishia. Kodi ya miezi sita ilikuwa imeshalipwa, haikurudi.

Tangu hapo naangalia ukuta kabla ya kuangalia kitanda kitakaa wapi. Naangalia usawa wa magoti na wa kiuno, nyuma ya mlango, nje chini ya dirisha. Namuuliza jirani, wala si mwenye nyumba: "Mvua ikinyesha hapa inakuwaje?" Jirani hana cha kupoteza, atasema. Nafungua bomba. Maji yakitoka siku hiyo bado nauliza yanatoka siku ngapi kwa wiki, maana mitaa mingi ina mgao, na nyumba isiyo na simtanki wala kisima itakufanya ununue maji ya madumu, gharama ambayo dalali hatakutajia. Natazama choo na kuhesabu milango ya vyumba vinavyokitumia. Nawasha taa, naangalia kama dirisha lina nondo na wavu wa mbu, najaribu kitasa kwa ndani. Yote hayo yanachukua dakika ishirini, na dalali atakuharakisha. Mwache aharakishe.

Umeme una somo lake. Nyumba nyingi za vyumba vingi zina mita moja ya LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na wapangaji wanachanga. Nyumba niliyohamia baadaye ilikuwa na karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa gundi karibu na mita: majina manane, na mbele ya kila jina kiasi alichotoa, wengine 2,000, wengine 5,000, na mbele ya jina moja neno "friji" limepigiwa mistari miwili. Ugomvi wote wa nyumba ulikuwa kwenye karatasi hiyo. Mwanafunzi mwenye taa moja na kompyuta mpakato analipa sawa na mwenye friji na pasi, au anaambiwa alipe zaidi kwa sababu "nyie wanachuo mnakesha". Kuna jambo la pili lisiloonekana. Nyumba zinazotumia umeme kidogo, zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, zina bei ya chini sana ya uniti. Vyumba vinane kwenye mita moja vinapita kiwango hicho kirahisi, kwa hiyo hata wewe unayetumia kidogo unanunua kwa bei ya wakubwa. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi ilipoanza, baadaye 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, ila inamkata anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Kabla ya kuhamia uliza: mita ni ya wangapi, zamu ikoje, na makato ya jengo nani anayarudisha. Chumba chenye mita ndogo yake ndani kinastahili kuongezewa elfu tano au kumi ya kodi.

Ukihamia, umehamia kwenye nyumba ya watu. Hili vitabu vya mwongozo vya chuo havilisemi, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama utadumu. Dar ni jiji la kila kabila, na nyumba moja ya kupanga inaweza kuwa na Mmakonde, Mhaya, familia ya Kizaramo yenye nyumba, kijana wa Pemba na mwanafunzi kutoka Bujumbura. Kuna nyumba ambazo mgeni wa kiume haruhusiwi kupita sebule ya mwenye nyumba, kuna ambazo muziki unazimwa wakati wa swala, kuna ambazo geti linafungwa saa nne na hakuna ufunguo wa pili. Wapo wanaosema wazi "sipangishi wanachuo" kwa sababu waliwahi kupangisha mmoja wakakuta wanaishi sita. Uliza masharti hayo kabla ya kulipa, usiyagundue baada.

Na salimia. Mwanafunzi anayepita uani kila asubuhi na spika za masikioni bila "shikamoo" kwa bibi anayechambua mchele, siku akipotelewa na ndala zake hapati wa kumuuliza. Anayesalimia, anayefagia zamu yake bila kukumbushwa, akiumwa malaria usiku atagongewa mlango na kuletewa uji. Nimeletewa huo uji. Ulikuwa wa ulezi.

Mkataba usiukwepe kwa sababu mwenye nyumba ni mcha Mungu au mnatoka mkoa mmoja. Fomu za mkataba wa upangaji zinauzwa kwenye maduka ya steshenari kwa bei ndogo, na nyingi zinatosha mradi mjaze vizuri: tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi kilicholipwa kwa tarakimu na kwa maneno, nani analipa maji na umeme, notisi ni ya muda gani, na kile ambacho karibu kila mtu anakisahau, yaani ukihama kabla ya muda kuisha, kodi iliyobaki inakuwaje. Shahidi mzuri ni mjumbe, au ofisi ya serikali ya mtaa, ambako kwa vyovyote utahitaji kujitambulisha kama mkazi mpya. Mkigombana, anzeni hapo. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu; linaloamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mwanafunzi mwenye mitihani hana muda wa kesi hiyo, ndiyo maana karatasi ya mwanzo ina thamani kubwa kuliko haki ya mwishoni.

Hilo swali la kuhama katikati linaturudisha kwenye hesabu, maana mwaka wa masomo hauna miezi kumi na miwili. Ukianza kupanga Novemba na kulipa miezi sita, unafika Aprili. Unalipa tena sita, Mei hadi Oktoba, lakini masomo yanaisha karibu na Julai. Miezi mitatu unalipia chumba kilichofungwa, 240,000 kwa mfano wetu. Wanaoenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, nje ya Dar ndio wanaoumia zaidi. Wakati huohuo wapo wanafunzi wa vyuo vya mikoani wanaokuja Dar kwa field na wanatafuta chumba cha miezi miwili tu, ambacho hakuna mwenye nyumba anayewapa. Watu hawa wawili wanafaana kabisa. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi umweke mwenzako kwa muda huo, na umpeleke mgeni akaonane naye uso kwa uso. Ukimwingiza kimyakimya, umevunja mkataba na wewe ndiye utakayeonekana mdanganyifu.

Na lile neno makubaliano. Wengi wetu tunapoambiwa miezi sita tunadhani ni amri, tunaanza kukopa. Jaribu kwanza kueleza fedha yako inavyokuja. Mwenye nyumba anayeogopa kukimbiwa anataka uhakika, na uhakika una namna nyingi: barua ya chuo, namba ya mzazi ambayo anaipiga hapohapo na kuongea naye, tarehe zinazoeleweka za malipo. Mkiwa wawili mnaochangia chumba, mkupuo unagawanyika, na hapo hata miezi sita inaingia kwenye bumu moja bila kulala njaa: 280,000 kila mtu, pamoja na ya dalali, ikibaki 320,000. Chagua mwenza kwa tabia yake ya kulala na ya hela, msitegemee urafiki wa darasani pekee.

Mimi nilikataliwa na watatu. Wa nne alikuwa mama mmoja wa Msewe, mjane, mwenye vyumba sita vya uani. Nilimwambia, "Mama, hela yangu inatoka kila baada ya miezi miwili, siwezi kukuletea yote leo. Nitakuletea ya miezi miwili leo, na bumu likitoka nakuletea nyingine kabla sijanunua hata mkate." Akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu. Mle ndani kila mpangaji alikuwa na ukurasa wake. Akaandika jina langu, kozi yangu, namba ya simu ya baba, akachora mistari mitatu na kuacha nafasi za tarehe. Nilikaa kwake miaka miwili. Kila bumu lilipotoka alikuwa anajua kabla yangu, kwa sababu chumba cha tatu kulikuwa na binti wa mwaka wa tatu aliyekuwa analipa hivyohivyo, na ukurasa wake ulikuwa umejaa hadi nyuma.